Gia boksi mbili na difu moja: niliyojifunza nikikimbiza Subaru ya kwenda nayo kazini

Ndani ya miezi 14 nilivunja gia boksi mbili na difu ya kati moja (difu ni gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu; ya kati hugawa kati ya mbele na nyuma). Gari lilikuwa lilelile, Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, ile ya injini ya lita 2.0 yenye turbo na gia tano za mkono. Jumatatu hadi Ijumaa lilinipeleka kazini na kuwapeleka watoto shule. Jumapili mojamoja nililipeleka kwenye mbio za mita 400, katika kiwanja kidogo cha ndege nje ya Nairobi, ambako waandaaji wamefunga njia, ambulensi ipo na polisi wanajua mko pale. Wapo wanaofanya mchezo huu usiku kwenye bypass, kati ya malori. Hao sina la kuwaambia kuhusu gia boksi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa imani, na nililirithi kwa baba. Alikuwa mshabiki wa Safari Rally wa kufa na kuzikana. Subaru Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na kila jina kati ya hayo lilitajwa nyumbani kwetu kama la mjomba. Kwa hiyo nilipoinunua yangu nilijiambia: gari lililopita kwenye mawe na mafuriko ya Safari, mita 400 za lami zitalifanya nini?

Nilisahau kwamba magari yale yalikuwa na gia boksi za mbio zisizofanana kabisa na yangu. Kubwa kuliko hilo, nilikuwa sijaelewa tofauti ya vumbi na lami. Kwenye vumbi, ukikanyaga mafuta kwa fujo, tairi zinateleza, na ule mtelezo ndio unaomeza nguvu. Kwenye lami kavu, gari linalovutwa na magurudumu manne halitelezi. Injini yangu ilitoka kiwandani na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa kama Nm 330 (newton mita). Gia ya kwanza inauzidisha zaidi ya mara tatu, difu inauzidisha tena karibu mara nne, na kufikia kwenye magurudumu umepita Nm 4,000. Ukiziachia ghafla nguvu hizo zote na tairi zikakataa kuteleza, lazima kitu kingine kikubali.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ushauri na vijana niliowakuta kwenye foleni. "Boss, panda mpaka elfu sita, achilia klachi ghafla, usifikirie." Elfu sita ni mizunguko ya injini kwa dakika. Nikafanya hivyohivyo. Mkimbio wa kwanza sekunde 15.1, wa pili 14.6. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona dereva. Mkimbio wa tatu niliondoka vizuri, nikaingiza ya pili, kisha nikavuta gia kwenda ya tatu kwa ngumi bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Nikasikia sauti kama mtu amemwaga kokoto kwenye sufuria. Gari likapoteza mvuto, likarudi, likapoteza tena.

Nilijaribu ya nne, ikashika. Ya tano, ikashika. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na kwa shilingi ndilo kubwa kuliko la kwanza. Mwenye gari la kuvuta alitaka shilingi 8,000. Nikaona ni wizi. Nyumbani ni kilomita 40 tu, nikasema, nitakwenda polepole nikiruka gia ya tatu. Nikaenda.

Fundi wangu ni mzee wa Industrial Area, mtu wa maneno machache. Baada ya siku mbili akaniita nikaone mwenyewe. Alikuwa ameipasua ile gia boksi (hufunguka nusu mbili kwa urefu, kama ganda la korosho), oili yake akaimwaga kwenye beseni. Akapitisha sumaku. Ilipotoka ilikuwa imeota manyoya ya chuma.

"Kijana, kule kwenye mbio ilikufa gia moja," akasema. "Hizi zingine umeziua mwenyewe ukienda nyumbani."

Kwenye Subaru za namna hii, difu ya mbele imo ndani ya gia boksi, na zote zinaogelea kwenye oili moja. Meno ya gia ya tatu yaliyovunjika yalisafiri na ile oili kilomita 40, yakaingia kwenye beringi, yakapita kati ya krauni na pinioni ya difu. Kama ningelipa zile 8,000, angebadilisha jozi ya gia ya tatu, beringi mbili tatu na sili. Nilinunua gia boksi nzima ya mtumba kutoka Japani kwa 85,000, fundi 12,000, oili na vikorokoro 7,000. Shilingi 104,000. Nyumbani nilisema ni 40,000.

Ikisikika sauti ya chuma, zima injini mita hiyohiyo na uvutwe. Hata kama gia nyingine zinaingia. Hata kama ni aibu mbele ya watu, na aibu ipo, nakuambia.

Ile boksi ya pili niliinunua Kirinyaga Road kwa haraka ya mtu anayetaka gari Jumatatu. Niliuliza kama ni ya WRX, nikaambiwa ndiyo, nami nikahesabu pesa. Sikuuliza uwiano wa difu yake. Gia boksi hizi kwa nje zinafanana kama mapacha, lakini ndani uwiano wa difu hutofautiana kulingana na mwaka, soko na aina ya gari. Uwiano wa mbele usipolingana na wa nyuma, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa kasi tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka, na anayesimama katikati kuwaamua ni difu ya kati. Haipumziki hata dakika. Baada ya wiki tatu gari lilianza kushikashika nikikata kona kali kwenye maegesho, kama linavuta breki lenyewe. Nikadhani ni tairi. Likaanza kutoa harufu. Difu ya kati ilikuwa imeungua.

Muuzaji hakuniongopea, ilikuwa kweli ya WRX. Mimi ndiye sikusoma kibandiko kilicho juu ya kasha la gia boksi upande wa injini, chenye namba ya aina yake. Soma namba hiyo, ipige picha, uilinganishe na ile unayotoa. Difu ya nyuma unaweza kuihesabu mwenyewe: pindisha magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja mzunguko mmoja kamili na uhesabu propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) imezunguka mara ngapi. Ikizunguka karibu mara nne na boksi uliyoletewa ni ya mara nne na nusu, mrudishie mwenyewe. Mimi somo hilo lilinigharimu 30,000 ya difu ya kati na 8,000 ya fundi, na safari hii tulihakikisha uwiano unalingana mbele na nyuma.

Kisha nikaenda Mombasa.

Kulikuwa na mbio ndogo zilizoandaliwa Pwani, nami nilikuwa nimenunua kwa rafiki tairi nne za mpira laini, zile zinazokaribia kuwa za mashindano. Nilijiona nimekuwa mjanja. Nilikuwa nimeacha kuachilia klachi kwa elfu sita, nimeshuka hadi elfu tano. Mkimbio wa kwanza kabisa, taa ya kijani ikawaka, nikaachilia klachi, gari likaruka mita mbili na likasimama na mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja tawi. Meno ya gia ya kwanza yalikuwa yameng'oka. Sikufika hata mita 10. Kwenye jua lile, tairi zikinukia mpira, nikisukumwa na wapagazi wawili kwa kicheko cha watu, nilitamani ardhi inimeze.

Yule mzee alipoiona aliuliza maswali mawili: tairi gani, na wapi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo la hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Turbo inachelewa kuamka, ndiyo maana sisi wa bara tunazoea kupandisha mizunguko mingi kabla ya kuondoka. Mazoea hayo niliyashusha nayo hadi Pwani. Tena nilikuwa nimefunga kidhibiti cha turbo cha kuzungusha kwa mkono, na kifaa hicho hupima presha juu ya ile ya hewa ya mahali ulipo. Saa ya presha ilionyesha namba ileile ya Nairobi, lakini injini ilikuwa inakula hewa nzito zaidi na kutoa msokoto zaidi. Ongeza tairi zisizoteleza. Nilibadilisha mambo mawili kwa siku moja, yote yakisukuma mzigo upande mmoja, kwenye gia boksi ileile ambayo kila mtu mwenye Subaru anajua ndiyo udhaifu wa gari hili. Ukiisukuma sana, shafti za ndani zinataka kuachana, kasha linajikunja kidogo, na meno yanabaki kugusana kwa ncha.

Lori la kurudisha gari Nairobi 35,000, boksi nyingine 90,000, fundi 12,000. Ukijumlisha na yale ya awali ni shilingi 279,000. Safari hii sikuweza kuficha. Mke wangu alizipanga risiti mezani moja baada ya nyingine, hakupandisha sauti. "Baba watoto, hii gari inatula," akasema, akaenda kulala. Ningependelea angefoka.

Wenzangu wote walinishauri jambo moja: funga gia boksi ya gia sita ya STI, lile toleo kali zaidi la Impreza. Ni kweli ni imara kuliko hii mara nyingi. Lakini haiji peke yake. Inataka difu ya nyuma ya STI, ambayo ni kubwa zaidi, shafti za kulingana nayo, propela yake, klachi na flaiwili yake, na mhimili wa kuishikilia chini. Ukinunua kipande kipande utazeeka. Aliyenitajia seti kamili iliyotolewa kwenye gari moja alitaka 340,000 kabla ya kazi ya fundi. Kama unazo, nunua seti ya gari moja na usihangaike na ushauri wangu uliobaki. Mimi nilikuwa na karo ya muhula wa pili.

Mzee ndiye aliyenigeuza kichwa. Aliniuliza nyumba yangu ina fyuzi ya nini. Nikasema ili waya zisiungue. "Basi kwenye hii gari fyuzi ni gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefunga klachi ngumu isiyoteleza, nikanunua tairi zisizoteleza, nikaachia nguvu zote kwa mpigo. Kila fyuzi nilikuwa nimeing'oa kwa mikono yangu, halafu nikashangaa waya imeungua. Klachi ya kawaida ya kuchukua mizigo ya gari hili ilinigharimu 28,000 na kazi 6,000. Gia boksi ni mara tatu ya hapo. Tangu siku hiyo nimeamua klachi ndiyo itakayoumia, na nahesabu moja kila mwaka na nusu kama vile nahesabu pedi za breki.

Kwa hiyo sasa naondoka hivi. Nikifika kwenye mstari nasogea taratibu kwa gia ya kwanza mpaka nihisi gari limejivuta, maana yake ule ulegevu mdogo kati ya gia, propela na shafti umeisha, kisha nashika handibreki hapohapo. Ulegevu huo ndio nyundo. Ukiuacha, kila jino linapata nafasi ya kurusha ngumi. Usukani umenyooka kabisa, kwa sababu kiungo cha shafti kilichopinda kinavunjika kwa urahisi zaidi. Nashika mizunguko 4,000, si zaidi. Taa ikiwaka naleta klachi haraka hadi inapoanza kushika, halafu naishikilia hapo ikiteleza sekunde moja na kidogo huku nikiongeza mafuta, mpaka gari liwe kwenye kilomita 20 au 25 kwa saa. Hapo ndipo naachia kabisa. Mwanzoni inakera, kila seli ya mwili inataka kuachia. Nilijifunza kwenye kiwanja kitupu cha maegesho kwa mizunguko 2,500 tu, mpaka mguu ukaelewa.

Gia nabadilisha kwa vidole, si kwa ngumi. Naondoa mguu kwenye mafuta kwa kitambo kifupi, nasubiri gia ijitie, kisha narudi. Ya pili kwenda ya tatu ndiyo nakuwa mpole zaidi. Saa inasema napoteza kama sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye mbio nzima. Na sikanyagi mafuta yote nikiwa gia ya nne au ya tano mizunguko ikiwa chini, hata kwenye barabara ya kawaida nikipita lori. Turbo ikiamka kwenye gia ya juu, mzigo kwenye meno ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kile kidhibiti cha mkono nilikitoa. Mtu wa kurekebisha programu ya injini alipanga presha ya turbo ipande pole pole chini na ifike juu kuanzia mizunguko 4,000. Gari halikupoteza muda, ila ile teke ya mgongoni ilipungua, na wapenda teke walinicheka.

Tairi zile laini niliuza. Sasa natumia za barabarani za kawaida, zote nne aina moja, zimelika sawa, upepo sawa. Hii ya kulika sawa si mapambo: tairi mbili mpya na mbili kuukuu kwenye gari linalovutwa na magurudumu manne ni kosa lilelile la uwiano, kwa udogo tu. Waandaaji wakimwaga maji kabla ya mstari kwa ajili ya magari ya kuchoma tairi, mimi nazunguka pembeni. Gari la magurudumu manne halichomi tairi, linachoma difu.

Kuna mambo madogo niliyoyadharau mpaka mzee akanilazimisha. Maunti za injini na gia boksi, bushi za difu ya nyuma, na kile kifimbo kinachozuia injini isiegemee nyuma ukikanyaga mafuta: vyote vilikuwa vimechoka, mpira umepasuka. Injini ikiruka kila ukiondoka, nguvu inafika kwa mshtuko badala ya kufika kwa mvuto. Kuvibadilisha vyote kuligharimu chini ya 20,000. Ningeanza navyo. Klachi mpya nayo inataka kilomita kama 800 za mjini, foleni na matuta, kabla hujaikimbiza. Yangu ya kwanza ilipata 60, ikaungua uso na kuwa kama kioo. Ukisikia harufu ya klachi baada ya mkimbio, egesha, fungua boneti, kunywa soda, ngoja nusu saa. Rafiki zako watakwenda mikimbio 10, wewe nenda 4.

Wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, akina Toyota Mark II na Mark X, adui yenu ni mwingine: tairi za nyuma zikianza kurukaruka badala ya kuteleza, ondoeni mguu papo hapo, mrukoruko huo ndio unaokata shafti na kula difu. Na gia ya otomatiki usiishikilie kwa breki na mafuta kwa pamoja zaidi ya sekunde chache. Oili inachemka ndani hukuoni. Kuiweka kwenye D huku injini imepanda mizunguko ukiwa N, sitaki hata kulijadili.

Jumatatu baada ya kila mbio namwaga oili ya gia boksi, lita 3.5 za 75W-90 ya daraja GL-5, na kila mbio ya pili ile ya difu ya nyuma, ambayo haifiki lita moja. Nut ya kumwagia ina sumaku. Uji wa kijivu laini kama masizi ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole si kawaida, na gari haliendi popote.

Boksi ya tatu ni ileile dhaifu ya gia tano. Imemaliza mbio sita. Muda wangu bora nayo ni 14.5, na mara ya mwisho nilishindwa na kijana mwenye Forester aliyeondoka kwa elfu sita, akaachilia ghafla, asifikirie. Alivutwa kurudi nyumbani. Yangu ilikuwa na uji wa kijivu tu, ingawa asubuhi zikiwa na baridi ya Julai gia ya pili imeanza kukataa kuingia mpaka injini ipate joto. Mzee anasema ni sinkro, ile pete inayolinganisha kasi ili gia iingie, tuifungue Desemba. Mke wangu bado hajui kuhusu Desemba.